Watoto wa Ip Man walirithi Wing Chun?
Mkuu, umeuliza kama Ip Man, yule mwalimu wa Bruce Lee, aliacha watoto walioendeleza kazi yake ya kufundisha Wing Chun, mtindo wa kung fu wa Kichina. Ndiyo, na wanaojulikana zaidi ni wawili: Ip Chun, aliyezaliwa 1924, na mdogo wake Ip Ching, aliyezaliwa 1936.

Wengi hudhani walikulia mazoezini pamoja na Bruce Lee. Haikuwa hivyo. Baba yao alipohamia Hong Kong kutoka Foshan, familia ilibaki China Bara, kisha mpaka ukafungwa. Mama yao alifariki 1960 bila kuungana tena na mumewe. Vijana walivuka kwenda kwa baba yao mwaka 1962, wakati Bruce Lee alikuwa ameshaondoka kwenda Marekani tangu 1959. Kwa hiyo wanafunzi kama Wong Shun Leung walikuwa wakongwe katika fani kuliko watoto wa mwalimu mwenyewe! Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema damu pekee inatosha kumfanya mtu mrithi wa mtindo. Hawa wawili waliusotea.

Ip Ching aliishi na mzee mpaka mauti ya 1972, kisha akafundisha hadi alipofariki Januari 2020. Ip Chun naye alizunguka nchi nyingi akifundisha, na kwenye filamu ya 2010 kuhusu baba yake aliigiza kama Leung Bik, mmoja wa walimu wa baba yake. Ukifika Foshan, tembelea jumba la kumbukumbu la Ip Man lililoko kwenye hekalu la Zumiao.