Kabla hujachomoa diski ya pili kwenye laptopu

Laptopu yangu ilikuwa na diski mbili: SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 128 yenye Windows, na HDD (diski ya zamani inayozunguka) ya TB 1 niliyoijaza video za harusi ninazopiga wikendi. HDD ilipoanza kugonga-gonga nikanunua SSD ya TB 1, nikahamisha video zote, nikashika bisibisi, nikaichomoa ile kuukuu. Kuwasha, kioo cheusi: hakuna diski ya kuwakia. Na SSD ya Windows sikuigusa!

Kumbe fundi aliyeniwekea Windows alizikuta diski zote mbili ndani, na kipande cha kuwashia, kile kidogo cha MB 100 hivi kinachojificha, kikaangukia kwenye HDD. Nilipoirudisha, ikawaka. Bahati yangu sikuwa nimeifuta.

Kwa hiyo, kabla ya bisibisi, fungua Disk Management, programu ya Windows inayoonyesha diski zako, uone neno "EFI", yaani kile kipande cha kuwashia, limeandikwa kwenye diski ipi. Likiwa kwenye ile unayoitoa, iache kwanza. Mimi nilipunguza C (sehemu yenye Windows) kwa MB 300, nikatengeneza hapo partisheni (kipande cha diski) mpya ya EFI kwa diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski kwa amri, nikaipa herufi S, kisha nikaandika amri hii ya kuweka faili za kuwashia humo:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ukiweka Windows upya ni rahisi zaidi: acha diski moja tu ndani mpaka umalize.

Kuhusu video zenyewe, nisikufiche, kuhamisha mara moja hakukunitosha. Nilikuwa na nakala nyingine kwenye eksteno, ile diski ya nje. Nililinganisha idadi ya faili na ukubwa wa kila folda, halafu nikafungua video kadhaa na kuzivuta mpaka mwisho, maana faili linaweza kuwa na jina zuri na lisicheze.

BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, nayo usiisahau. Isimamishe kwa muda kabla ya kugusa BIOS (mipangilio ya msingi ya laptopu) au diski, na ule ufunguo wake wa kufungulia wa tarakimu 48 uandike kwenye daftari. Ukiuhifadhi kwenye laptopu hiyohiyo, utausomea wapi ikijifunga?

Jambo dogo lililonipotezea jioni nzima: SSD mpya ilipewa herufi E, programu yangu ya kuhariri ikawa inatafuta video kwenye D, herufi ya ile HDD, kila kipande cha video kikawa chekundu. Baada ya kuitoa HDD niliibadilishia SSD mpya herufi iwe D, video zikarudi zote.

HDD iko kabatini ndani ya bahasha. Sitaifuta mpaka nikabidhi harusi mbili zilizobaki.