Samaki kikande mkali alindapo kiota

SWALI: Nazamia Mnemba, Zanzibar. Wiki iliyopita kikande mkubwa alinifukuza, nikapanda juu haraka, naye akazidi kunifuata mpaka akanitoboa pezi la kuogelea nililovaa mguuni. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole ndugu. Ulikosea pale ulipopanda juu. Huyo bila shaka ni kikande titani, anayefikia sentimita 75, na alikuwa akilinda mayai. Kiota chake ni shimo pana lililochimbwa kwenye mchanga na vipande vya matumbawe. Eneo analolilinda lina umbo la kikaratasi cha karanga: ncha iko kiotani, mdomo wazi uko juu. Kwa hiyo kila mita unayopanda, unabaki ndani ya eneo lake, tena linazidi kupanuka.

Toka kwa ubavu. Baki kina kilekile, mgeukie, weka mapezi kati yako na yeye, kisha piga teke ukirudi kinyumenyume mpaka aache. Aume plastiki, si kifundo cha mguu. Meno yake yameumbwa kuvunja magamba ya kaa na konokono.

Huonya kabla ya kushambulia: husimamisha mwiba wa mgongoni, hulala ubavu kukukodolea jicho. Ukiona hivyo, usingoje picha, ondoka.

Kupanda kwa pupa kuna hatari zaidi kuliko meno yake. Usizidi mita 9 kwa dakika, na simama dakika 3 kwenye kina cha mita 5. Akikuuma, kandamiza jeraha, lioshe kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati ukaulizie sindano ya pepopunda.