Dola bilioni kwa chombo ambacho hakikuruka

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nasikia Marekani ilitumia zaidi ya dola bilioni moja kwenye X-33, chombo cha anga ambacho hakikuruka hata siku moja. Huo si ufujaji? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hesabu ni kweli: NASA ilitoa takriban dola milioni 900, kampuni iliyokijenga, Lockheed Martin, ikaongeza zaidi ya milioni 350. Tangi lake la haidrojeni, yaani mafuta yake, lililotengenezwa kwa nyuzi za kaboni badala ya alumini, lilibanduka ganda kwenye majaribio ya Novemba 1999. Mradi ukafutwa 2001. Mimi tangi kuharibika halinikeri, majaribio ndiyo hayo. Kinachonikera ni kujenga chombo kizima kwa kutegemea tangi ambalo halijathibitishwa. Wangeanza na tangi peke yake, bei ingekuwa nyingine kabisa.