Maswali ya Wasomaji: Wastani wa Shule Unasema Nini?

Assalaam aleikum. Mwanangu anaingia gredi ya saba Januari. Hapa Kisauni tuna shule mbili za umma zilizo karibu, na moja ina wastani wa juu zaidi katika Hisabati ya gredi ya tisa. Nikimpeleka huko nitakuwa nimepatia?
*Mama wa watoto watatu, Kisauni*

Waaleikum salaam, mama. Usiamue bado. Wastani ule umechanganya mambo mawili: shule inavyofundisha, na watoto iliowapokea. Katika KJSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya tisa uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, kila somo lina viwango vinane, kuanzia cha chini kabisa, BE2, chenye pointi 1 hadi cha juu kabisa, EE1, chenye pointi 8. Pointi ni rahisi kujumlisha na kugawanya, na ndiyo sababu watu huishia hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule A ina watahiniwa 100: 80 waliingia gredi ya saba wakiwa imara katika Hisabati, 20 wakiwa dhaifu. Walio imara wanapata wastani wa 5.5, walio dhaifu 2.5. Shule nzima inatoka na 4.9. Shule B nayo ina 100, lakini walioingia imara ni 30 tu, na dhaifu ni 70. Walio imara wanapata 5.8, walio dhaifu 3.2. Wastani wa shule: 3.98. Kwenye orodha ya ukutani B inaonekana imeachwa mbali, ilhali mtoto imara amefanya vizuri zaidi B, na mtoto dhaifu vilevile. Mzazi aliyemtoa mwanawe B kumpeleka A amefuata aina ya watoto walioingia, hakufuata mafundisho.

Tena katika alama ya mwisho, mtihani wa gredi ya tisa huchukua asilimia 60, tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita, asilimia 20. Sehemu moja kati ya tano ya matokeo hayo mtoto alikuja nayo kutoka shule ya msingi.

Kwa hiyo nenda ofisini kwa mwalimu mkuu uulize haya. Wangapi walianza gredi ya saba, na wangapi kati ya hao hao walikalia mtihani? Wakiwa walianza 120 wakamaliza 90, uliza wale 30 walikwenda wapi. Shule inayopoteza wanyonge wake njiani hupandisha wastani bila kumfundisha mtu. Wangapi wako katika kila kiwango, wavulana mbali na wasichana mbali? Na waliokuwa chini gredi ya sita, wangapi wamepanda? Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Shule yenye jibu lake kwenye karatasi inawajua watoto wake.

Mwalimu mkuu anataka ripoti ya matokeo kwa jinsia, umri na mtaa. Nina wanafunzi 48. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa darasa, Likoni*

Mwalimu, anza na jedwali moja, mstari mmoja kwa kila mtoto: nambari ya usajili, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, mtaa, kiwango cha gredi ya sita, siku alizokosa kila muhula, kiwango cha kila somo. Ongeza safu ambayo hukuombwa: mwezi na mwaka aliojiunga na shule. Mombasa familia huhama kufuata kodi na kazi, Likoni hadi Changamwe, Jomvu hadi Kisauni. Aliyekuja muhula wa pili wa gredi ya tisa hakufundishwa na ninyi. Wenye miaka mitatu kwenu wahesabuni peke yao.

Makosa huingia kwenye hesabu. Ambaye hakufanya mtihani aachiwe nafasi wazi, asiandikiwe sifuri. Waliofanya wakiwa 45 kwa wastani wa 4, sifuri tatu zitaushusha hadi 3.75, na mtu atalaumiwa bure. Wastani wa mikondo miwili nao usijumlishwe na kugawanywa kwa mbili: watoto 48 wenye wastani wa 4 na watoto 30 wenye 5 wanatoa 4.38, si 4.5.

Usikate vipande vyembamba. Watoto 48 ukiwagawa kwa jinsia, makundi matatu ya umri na mitaa minne, kila kijumba cha jedwali kinabaki na wawili. Katika kundi la watano, mtoto mmoja ni asilimia 20. Homa ya siku moja inageuka kuwa mwenendo wa mtaa mzima. Unganisha matokeo ya miaka miwili, au uache mtaa. Usilinganishe mahudhurio ya muhula wa kwanza na ya mwaka jana bila kutazama kalenda, maana Ramadhani huanza mapema zaidi kwa siku kama 11 kila mwaka.

Kabila halina kazi katika ripoti hii. Nakala ya kubandikwa isiwe na majina wala kundi la chini ya watoto 10, kwani mtaani mtoto atatambulika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mtoto ndiye anayehitaji ulinzi huo zaidi.

Shuleni kwetu somo la IRE (dini ya Kiislamu) lina wastani wa juu kuliko CRE (dini ya Kikristo). Je, mwalimu wa CRE amelegea?
*Mjumbe wa bodi ya shule, Mvita*

Takwimu hizo haziwezi kumhukumu. Masomo mengine wanafunzi wote huyafanya. Ya dini wamegawanyika, na kila moja lina mtihani wake. Mchukue kila mtoto, toa wastani wake wa masomo mengine kutoka pointi yake ya dini, kisha tafuta wastani wa tofauti hizo kwa kila upande. Pengo likiisha, tofauti ilikuwa ya watoto. Likibaki, tazama kwanza kama wengi wa upande mmoja hupata mafunzo ya ziada, kwa mfano ya madrasa jioni. Baada ya hapo ndipo mzungumze na mwalimu.