Re: Serikali ya India inapataje nguvu ya kushika mahekalu ya Wahindu?

Mkuu umeuliza inakuwaje nchi isiyo na dini rasmi iendeshe mahekalu, ngoja nikujibu kwa kesi moja maana ukianza zote hatumalizi leo. Katiba yao, ibara ya 26, inayapa madhehebu haki ya kuendesha mambo yao ya dini, ila mali zinaendeshwa kwa kufuata sheria, na hapo kwenye mali ndo serikali za majimbo zinapopenyea. Jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, wana sheria ya 1959 ya kusimamia mahekalu na idara nzima kabisa inayoteua maofisa watendaji wa mahekalu.

Sasa hekalu la Nataraja (mungu Shiva akiwa mcheza ngoma) kwenye mji wa Chidambaram, humo humo Tamil Nadu, linashikwa na makuhani wanaoitwa Dikshitar, ukuhani wao ni wa kurithi. Serikali ikamteua ofisa mwaka 1987, kesi zikapigwa danadana weee mpaka 2009 Mahakama Kuu ya Madras, yaani ya jimbo hilo, ikaipa serikali ushindi, ofisa akaingia na masanduku ya sadaka yakawekwa ndani. Makuhani hawakukubali, wakaenda Mahakama ya Juu ya India nzima, na Januari 2014 wakashinda. Majaji walisema serikali inaweza kuingia kurekebisha uendeshaji mbovu, lakini ikishamaliza irudishe, haiwezi kukaa moja kwa moja.

Shida ni kwamba Dikshitar walishatambuliwa na mahakama tangu miaka ya 50 kama dhehebu, hekalu la kawaida halina kinga hiyo, ndo maana mengi bado yako chini ya idara mpaka leo. Binafsi naona ukaguzi wa hesabu sawa, ila kuganda humo miaka na miaka hapana aisee.