Mleta mada, usimpe paka chakula cha mbwa hata wakikupunguzia bei

Mkuu, huo mfuko wa chakula cha mbwa ulionunua urudishe dukani leo. Kama umeshaufungua, mpe jirani mwenye mbwa.

Umeandika kwamba una paka watatu, mnakaa ghorofani na hawatoki nje. Umeona chakula cha mbwa kinapimwa kwa kilo kwa karibu nusu ya bei ya kile cha paka, muuzaji amekuambia "ni kile kile", na mpango wako ni kukichanganya na ugali na dagaa kidogo ili kisogee. Halafu ukauliza kuhusu maziwa, samaki, na walishwe mara ngapi kwa siku. Mimi nimekwama hapo kwenye "ni kile kile", maana ndiyo maneno niliyoambiwa, hapahapa Tanga, na mtu aliyevaa koti jeupe nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo. Mbwa anakula nyama, paka anakula nyama, tofauti ni picha iliyo kwenye mfuko. Alivyosema hivyo bila kupepesa macho, na lile koti, nikamwamini.

Kidoti, paka wangu, alikula chakula hicho cha mbwa kwa miezi mingi na alikipenda. Huo ndio mtego wenyewe: paka hakatai, manyoya hayatoki, hatapiki, uzito upo. Unaona mambo yako sawa na umeokoa hela. Kumbe ndani kuna kitu kinapungua polepole.

Kitu hicho kinaitwa taurini. Ni asidi amino inayopatikana kwenye nyama na samaki. Kwenye unga wa mahindi hutaipata hata upike ugali wa sufuria nzima. Mbwa, kwa kawaida, anaitengeneza mwenyewe mwilini kutokana na asidi amino nyingine, ndiyo maana chakula chake hakilazimiki kuongezwa. Paka anatengeneza kidogo mno, na hiyo kidogo anaipoteza kila siku, kwa sababu mwili wake unaitumia kutengeneza nyongo na haujui kutumia kitu kingine badala yake. Ni ndoo iliyotoboka: usipojaza kila siku, inakauka. Ikikauka, seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zinaanza kufa. Na misuli ya moyo inalegea, moyo unatanuka, unashindwa kusukuma damu.

Dalili ya kwanza niliyoiona ni mboni za macho. Mchana kweupe, jua limejaa sebuleni, mboni zake zimetanuka kama vile yuko gizani. Baadaye akaanza kukosea kuruka dirishani. Anapima, anapima tena, anaruka, anagonga ukingo. Nikisogeza kiti, anakigonga. Nikampeleka kwa mtu wa kwanza, akapewa dawa ya minyoo na sindano ya vitamini. Hakuna aliyeuliza anakula nini. Akaendelea na bakuli lile lile huku akiishiwa pumzi. Paka aliyekuwa anapanda juu ya kabati sasa analala chini ya meza anahema mbiombio.

Daktari wa mifugo wa pili ndiye aliyeuliza. Alimmulika machoni, akasikiliza moyo, akageuka kwangu: "Unampa chakula gani?" Nilipomwambia, alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza haya ninayokueleza wewe. Tukabadilisha chakula siku ileile, akaandikiwa taurini ya unga na dawa za moyo. Moyo ulipata nafuu, pumzi zikarudi. Macho hayakurudi. Retina ikishakufa haioti tena. Kidoti anaishi, anajua kila kona ya nyumba kwa masharubu yake, na jokofu likifunguliwa anafika kabla yangu, lakini haoni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili si jambo la kuvumbuliwa jana. Mwaka 1975 watafiti Marekani walishaonyesha kwamba paka akikosa taurini retina yake inaharibika. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kwamba ugonjwa wa moyo kutanuka uliokuwa unaua paka wengi ulitokana na upungufu huohuo, na kwamba wengi walipona walipoongezewa taurini. Baadhi ya paka hao walikuwa wanakula chakula cha paka cha dukani! Viwanda vikaongeza kiwango, na ugonjwa ule ukapungua sana. Yaani hata cha paka kilibidi kirekebishwe, halafu mtu anasimama dukani mwaka huu anakuambia cha mbwa ni kile kile. Wewe muuzaji, unavaa koti jeupe, watu wanakuita daktari, wanakukabidhi afya ya mnyama wao, na hujawahi kugeuza mfuko unaouza ukasoma nyuma. Kama hujui, sema hujui. Mteja atauliza kwingine.

Na siyo taurini peke yake. Viwango vya Marekani vinavyofuatwa na kampuni nyingi, vile vya AAFCO (chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama), vinataka chakula cha mbwa aliyekomaa, ukiondoa maji yaliyomo, kiwe na protini angalau asilimia 18, cha paka aliyekomaa asilimia 26. Mbwa anaweza kutengeneza vitamini A kutokana na karoti. Paka hawezi, anahitaji iliyo tayari, ya kutoka kwa mnyama. Sasa wewe uchukue hicho cha mbwa ukiongezee ugali, umebakiza nini?

Najua atakuja mdau aseme paka wa bibi yake kijijini walikula ugali na wakazeeka. Mdau, paka wa bibi yako walikuwa wanakula panya wa ghalani, mijusi, panzi na vifaranga vya jirani. Ugali ulikuwa nyongeza. Panya mzima ana taurini, ana mifupa, ana maini, ana maji. Paka wa mleta mada yuko ghorofani, hana panya. Chochote usichokiweka kwenye bakuli hatakipata popote.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: geuza mfuko. Kiandikwe kuwa ni chakula cha paka, na neno taurine ulione kwa macho yako kwenye orodha ya viambato au ya virutubisho. Kisha uangalie kama kimeandikwa complete, yaani mlo kamili. Kikiandikwa complementary, kama yalivyo makopo mengi mazuri mazuri ya jodari, hicho ni kitoweo cha kuonjesha, hakitoshi kuwa mlo. Chakula cha kupimwa kwenye kiroba kisicho na maandishi usinunue kabisa, maana hapo hata muuzaji hajui kilichomo, na hujui kimekaa wazi tangu lini.

Hela ikibana, nunua cha paka kidogo kiwe ndio msingi, uongeze mioyo ya kuku au mapaja. Mioyo ina taurini nyingi. Chemsha kidogo tu bila chumvi wala kitunguu (kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wa mezani sahau), na ile supu usiimwage, kwa sababu taurini inahamia kwenye maji. Mwagia humohumo. Lakini usimlishe nyama tupu kila siku ukadhani umemaliza. Nyama bila mifupa haina kalsiamu ya kutosha, na kwa watoto wa paka mifupa inalegea mpaka inavunjika yenyewe.

Dagaa ulizotaja ni nzuri kama nyongeza. Zichemshe, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto unakiua. Zile za Zanzibar zinazochemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, ziloweke na umwage maji kwanza.

La mwisho, usibadilishe ghafla kama paka wako wako wazima. Changanya kipya na cha zamani, ongeza kipya kidogo kidogo kwa wiki moja hivi. Wakigoma, usiseme njaa itawafundisha. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa mnene, mafuta yanajaa kwenye ini na anaweza kufa kwa hilo.

Na kama wameshakula hicho cha mbwa kwa muda mrefu, wapeleke wapimwe macho na moyo, na umwambie daktari wanakula nini hata asipouliza. Ukifika dukani, piga picha nyuma ya mfuko kabla hujalipa, uiweke hapa. Nitakusomea.