Maswali ya Wasomaji: Mafumbo yapanda, ubaoni nimekwama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, nacheza sataranji klabuni hapa Tanga. Kila usiku natatua mafumbo ya sataranji arobaini au hamsini kwenye simu, na alama zangu za mafumbo zimepita 2400. Kwenye mashindano lakini nipo 1870, na huu ni mwaka wa pili hazisogei. Juzi nilikuwa na kombinesheni, yaani mfululizo wa hatua za kumlazimisha mpinzani, ya kushinda, nikasogeza ngome tu. Niliporudi nyumbani nikazipanga kete vilevile kwenye simu, nikaiona kwa sekunde tano. Niongeze mafumbo? — S., Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiongeze, punguza.

Hizo sekunde tano zako ndizo jibu. Nyumbani ulishajua kuna kitu, ukakitafuta. Simu inapokuletea fumbo imeshakunong'oneza kwamba hapa pana ushindi. Ubaoni hakuna wa kukunong'oneza. Tena simu inamchezea mpinzani wako: wewe unapiga, yeye anajibiwa na programu, na ukipatia hatua tatu inakupongeza na kukuletea fumbo jingine. Mkono wako umezoea pigo la kwanza, haujazoea kuhesabu hadi mwisho.

Sisemi mafumbo ni bure. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, Chase na Simon, waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde tano, kisha wakawaambia wazipange kete kwa kumbukumbu. Kwa michezo ya kweli bingwa alimwacha mbali mwanafunzi. Kete zilipotawanywa ovyo, tofauti yao ilikaribia kutoweka. Kwa hiyo jicho linalishwa kwa maumbo, na la kwako limeshashiba.

Sasa chukua ubao wa kweli, wa mbao au wa plastiki, unipangie mchezo wa Emanuel Lasker, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, na Bauer, Amsterdam 1889. Herufi ni safu wima toka kushoto kwa nyeupe, namba ni safu mlalo toka upande wa nyeupe. Lasker alikuwa na miaka 20. Kete nyeupe, za Lasker: mfalme g1, malkia e2, ngome a1 na f1, maaskofu d3 na e5, farasi g3, askari a2, b3, c2, d2, e3, f4, g2, h2. Nyeusi: mfalme g8, malkia c6, ngome a8 na f8, maaskofu b7 na e7, farasi f6, askari a6, b6, c5, d5, e6, f7, g7, h7. Ni zamu ya nyeupe, hatua ya 14.

Farasi wa Lasker akaenda h5, farasi wa Bauer akamla. Ungetegemea malkia alipize papo hapo. Lasker akamtoa kwanza askofu wa d3: akala h7, cheki, yaani mfalme kashambuliwa. Mfalme akamla. Malkia akala h5, cheki, mfalme akarudi g8. Askofu wa pili akala g7, naye akaliwa na mfalme. Malkia g4, cheki. Mfalme akikimbilia f6, malkia anapanda g5 na mchezo umekwisha, kwa hiyo akaenda h7. Ngome ikapanda f3 ikitishia h3. Bauer akasukuma askari wa e6 hadi e5 ili malkia wake apate njia ya kuja kukinga h6. Ngome h3, cheki; malkia h6; ngome ikamla malkia, mfalme akaila ngome.

Simama hapo. Usiguse kete, hesabu. Nyeupe ana malkia, ngome moja na askari wanane. Nyeusi ana ngome mbili, maaskofu wawili na askari sita. Cheki za maana zimekwisha. Wengi niliowafundisha wakifika hapa husema "mambo sawasawa", wanafunga hesabu.

Lasker akamweka malkia d7. Hakuna cheki wala kete iliyoliwa. Lakini toka d7 malkia anamtazama askofu wa e7 na askofu wa b7 kwa pamoja, na nyeusi hawezi kuwaokoa wote wawili. Bauer alimwondoa wa e7 hadi f6, malkia akamla wa b7. Ushindi umekaa kwenye hiyo hatua ya 22, isiyo na kelele. Mwenye kutoa maaskofu wawili kafara bila kuiona d7 anabahatisha, hata akishinda.

Hili lilinigharimu. Nikiwa na umri wako, kwenye mashindano Mombasa, nilimtoa askofu h7, nikaleta farasi g5 kwa cheki, moyo ukinidunda kwa furaha. Mfalme akatoka g6. Nilikuwa nimehesabu g8 tu. Nilikaa dakika ishirini nikiutazama huo mraba, nikashindwa. Daftari la siku ile ninalo hadi leo, nimeandika "g6" kwa wino mwekundu.

Basi kila jioni chukua hali moja tu ya ubao. Dakika ishirini, ubao wa kweli, mikono mapajani. Andika daftarini njia zote, pamoja na jibu gumu kuliko yote la mpinzani, na uandike kwa nini umeacha kuhesabu pale ulipoacha. Ndipo ufungue suluhisho. Halafu mwombe mwenzako wa klabu akuchagulie hali toka michezo halisi, na katika kila tatu achanganye moja isiyo na kombinesheni yoyote, asikwambie ni ipi. Hilo ndilo zoezi litakaloua ule mnong'ono. Mashindanoni, kabla hujarudi kwenye mpango wako, tafuta kete isiyo na mlinzi na mfalme asiye na pa kukimbilia. Maaskofu wa Bauer kule e7 na b7 hawakuwa na wa kuwalinda, ukiwa na mazoea ya kuuliza "nani hana mlinzi?", d7 inakuja yenyewe.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi? Nikimaliza mchezo niwashe injini, ile programu ya kuchambua sataranji, mara moja, nione nilipokosea? — Mama Z., Nakuru

JIBU: Nzuri, dada. Ngoja kwanza. Injini itakupa hatua na namba, haitakwambia ni nini hukukiona wala kwa nini. Andika kwa kalamu yale uliyokuwa ukiyawaza, hatua kwa hatua, ungali unayakumbuka. Mpinzani akikubali, kaeni pamoja nusu saa mkiupitia ubao, na umuulize ni hatua gani yako aliyokuwa akiiogopa. Mara nyingi atakuonyesha ambayo hata hukuifikiria. Injini iwashe kesho yake.